Punda wa Nailoni

Kitanda chetu cha kwanza nilikitengeneza mwenyewe, na nilikitengeneza vibaya. Nasema mapema ili mtu asidhani ninamsingizia fundi. Miguu yake minne haikulingana, lakini hilo halikuonekana, kwa sababu hata sakafu haikulingana. Kwetu Mbooni wakati huo mtu alichimba mlima kwa jembe mpaka akapata mahali pa kusimama bila kushika mti, akapaita sakafu, akajenga. Kiazi kikianguka upande wa juu wa nyumba unaenda kukiokota upande wa chini. Uji ndani ya bakuli unakuwa mrefu upande mmoja. Mimi nilizaliwa kwa nyumba kama hiyo, na mpaka nilipooa sikujua kuna watu duniani wanaolala sawasawa.

Bibi yangu alijua. Yeye alitoka Kitui, kule tambarare, ambako mgeni unamwona akija tangu ng'ombe wanatoka mpaka wanarudi. Kwao walilalia kitanda cha kamba za ngozi, ngozi mbichi inakazwa inakaukia hapo hapo, na ukilala hapo unaamka hapo. Alipofika kwangu mara ya kwanza alisimama mlangoni, akaangalia kitanda, akaangalia sakafu, akaniuliza, "Hii nyumba inaenda wapi?"

Nilidhani ni utani wa watu wa Kitui. Wana utani mkavu, kwa sababu ya jua.

Godoro letu la chini lilikuwa la maganda ya mahindi. Wengine walijaza nyasi, lakini nyasi ina wadudu. Wengine sufi, lakini sufi ni ya watu wenye mti wa sufi. Ganda la mahindi ni zuri, ila linazungumza. Ukijigeuza, nyumba ya pili wanajua umejigeuza. Na maganda hayo niliyatia ndani ya magunia mawili ya mbolea ya kahawa, yale meupe ya nailoni, nikayashona pamoja. Magunia ya katani tulikuwa nayo, lakini hayo yalikuwa ya maharagwe, na hakuna mtu mwenye akili aliyetoa maharagwe ndani ya gunia zuri ili alale yeye.

Sasa sponji. Sponji ilikuja Tawa siku ya soko, imeviringishwa kama mkeka, rangi yake kama kiini cha yai. Mfanyabiashara aliikata kwa kisu cha mkate. Watu walijaa kuibonyeza. Unabonyeza, shimo linaingia, unatoa kidole, shimo linarudi. Mzee mmoja aliibonyeza mpaka akafukuzwa. Mimi nilijua papo hapo kwamba hii ndiyo itanyamazisha maganda, na pia itamfanya bibi yangu aache kuuliza nyumba inaenda wapi.

Yule mtu akaniuliza, "Unataka inchi ngapi?"

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, na inchi zilikuwa za darasa la tatu. Nikamwonyesha kwa vidole. Akanikatia nyembamba, ya kuweka juu ya godoro lingine. "Hii ni ya kutandika juu tu," akasema. "Ukiiweka, utalala kama mtoto wa chifu."

Nilipanda nayo mlima kichwani. Upepo wa Mbooni ukiona kitu chepesi unakitaka. Mara mbili ilinigeuza nikawa natazama Tawa tena. Lakini nilifika, tukaitandika juu ya magunia, bibi yangu akakaa, akaruka ruka kidogo, akacheka. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu kilikuwa cha mwisho kwa muda.

Asubuhi tuliamka mlangoni.

Sisemi karibu na mlango. Mlangoni. Sponji ilikuwa imeteremka kutoka kwenye kitanda, nasi juu yake, bila kutuamsha, imepita sakafu yote, na vidole vyangu vya miguu vilikuwa nje vikipigwa na umande. Kuku alikuwa anavichunguza. Bibi yangu akafungua macho akaona anga.

"Sasa nimejua inaenda wapi," akasema.

Basi nikaanza kazi. Kwanza niliinua miguu ya chini ya kitanda kwa mawe. Ikawa sponji haitelezi tena kuelekea mlangoni, inatelezea ukutani, na kwa kuwa bibi yangu ndiye aliyelala upande wa ukuta, asubuhi nilimkuta amesimama. Amelala, lakini amesimama, katikati ya ukuta na kitanda, na sponji imemfunika kama ukurasa. Nikatoa mawe mawili, nikarudisha moja. Nilicheza na mawe hayo wiki nzima. Kuna jiwe moja la mviringo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashikwa na hasira, kwa sababu ndilo lililonidanganya siku mbili kwamba limeweza.

Halafu nikatumia misumari. Kila mtu aliyeezeka bati anajua ukipiga msumari peke yake unatoboa na kupita, kwa hiyo unaweka kifuniko cha chupa ya soda chini ya kichwa cha msumari. Niliokota vifuniko Mukuyuni, nje ya maduka, nikaipigilia sponji kwenye mbao za kitanda pande zote. Ikakaa. Nawaambia ilikaa kabisa. Lakini kifuniko cha soda kina meno, na bibi yangu alikuwa na nguo mbili tu. Jumapili alipoinuka kanisani kuimba, waliokaa nyuma waliona matundu saba yamepangwa mgongoni mwake mstari mmoja. Ibada ilipokwisha, mama mmoja akamshika mkono akamwuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani.

"Kuna misumari," bibi yangu akajibu.

Jibu hilo lilizunguka mlima mzima. Ndiyo maana akina mama wa ushirika waliamua kuja kutuombea.

Walikuja Jumamosi mchana, sita, na vitambaa vyeupe kichwani. Asubuhi ya siku hiyo bibi yangu alikuwa ameniambia, "Toa misumari. Hao watakaa kitandani, viti hatuna. Wakitobolewa mimi sina pa kuficha uso." Nikatoa misumari yote. Hapo mwenye makosa ni nani? Nimejiuliza miaka mingi. Aliyesema toa, au aliyetoa?

Watatu walikaa kwenye viti vya kukopa. Watatu walikaa kitandani, ukingoni, wamebanana, na walikuwa akina mama waliokamilika, si wa kupeperushwa. Waliomba vizuri. Waliomba tupate watoto, waliomba mvua, waliomba moyo wangu ulainike. Halafu wakaanza wimbo. Na akina mama wetu wakiimba hawakai kama mawe. Wanayumba kidogo, kushoto, kulia. Kuyumba mara ya kwanza nikasikia maganda yakisema. Kuyumba mara ya tatu sponji ikaanza safari.

Wangesimama yangeisha. Lakini walikuwa katikati ya ubeti, na kwa hao watu wimbo haukatwi kwa sababu ya mambo ya dunia. Waliteremka wote watatu wamekaa, macho yamefumbwa, wakiimba. Sponji ilipiga sakafu, ikaendelea. Nilisimama nikanyoosha mikono kama mtu anayezuia ng'ombe, wakanipita. Wawili walikwama kwenye kizingiti. Wa mbele, ambaye ndiye aliyekuwa anaongoza sauti, alitoka nje, akavuka uwanja mdogo tulio nao, akaishia juu ya maharagwe niliyokuwa nimeanika. Akamalizia ubeti huko. Ndani wakaitikia.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomuua bibi yangu. Wangecheka angeweza kucheka nao. Walipangusa maharagwe kwenye nguo za mwenzao, wakanywa chai wakiwa wamesimama, wakaaga kwa heshima nyingi.

Jumatatu alifunga nguo zake mbili ndani ya kiondo.

"Unaenda wapi?" nikamwuliza.

"Kwetu. Kuna mahali pa kulala."

"Kwa sababu ya sponji?"

"Mimi sikuolewa niteleze," akasema. Akaanza kuteremka mlima, na mimi nikasimama nikimwangalia mpaka kitambaa chake cha kichwa kikawa kidogo kama ua la mbaazi. Sikumfuata. Nilikuwa na kiburi cha mtu wa miaka ishirini na kitu, kiburi cha kufikiria atakuwa amerudi ugali ukiiva.

Ugali uliiva siku nyingi.

Katika kukata tamaa nikakumbuka ulimbo, ule utomvu wa kunasia ndege. Nilipokuwa mdogo nilikuwa bingwa wa ulimbo. Nikachemsha wa kutosha, nikapaka juu ya magunia ya nailoni, nikalaza sponji. Mawazo yangu yalikuwa mazuri. Lakini ulimbo ni kitu cha moto, ukapanda, ukapenya sponji mpaka juu. Na kuku wangu alikuwa na tabia ya kutagia kitandani.

Baba mdogo, yaani ndugu mdogo wa marehemu baba yangu, alikuja kunitembelea akanikuta nimekaa kwenye kiti nikimtazama kuku, na kuku amekaa kitandani akinitazama. Hakuna aliyekuwa anaenda mahali.

"Kijana," akasema, "kwa nyumba hii hata kuku amekubali kukaa. Bibi ndiye ameshindwa?"

Nikamweleza yote. Tulimtoa kuku kwa kukata kipande cha sponji chini yake, na kuku huyo alitembea nacho wiki tatu kama mwanamke aliyevaa gauni la ndani, akiwa na maringo ambayo hakuwa nayo kabla. Sponji iliyobaki niliibandua, nikausugua ulimbo kwa majivu, na pale nilipokata nilirudisha kipande kingine kwa kushona. Baba mdogo akaniambia hakuna dawa ya nyumbani tena. Bibi akienda kwao na hasira, unamfuata na mzee wa kwenu na mbuzi dume, unakaa mbele ya wazee wa kwao, unaeleza kosa. Wakikubali, wanamwuliza yeye mwenyewe mbuzi aliwe au asiliwe. Akisema aliwe, amerudi. Akisema asiliwe, unarudi na mbuzi wako, na mkirudi wawili hivyo, wewe na mbuzi, kila mtu njiani anajua.

"Sawa," nikasema. "Tutaeleza ni kitanda."

Baba mdogo akanitazama kama nimetema mate kwenye chungu. "Utaeleza kitanda, na mama mkwe wako yuko hapo?"

Na kweli nilikuwa nimesahau. Sisi Wakamba tuna kitu tunaita nthoni. Ni haya, lakini ni haya yenye sheria. Mama mkwe humsalimii kwa mkono. Ukikutana naye njiani unaingia kichakani, naye anaingia kichaka cha upande wa pili, mnapitana hivyo. Huli mbele yake. Na kitanda, kulala, blanketi, mto, vitu hivyo havitoki mdomoni mwako na yeye anasikia. Ukisema kitanda mbele ya mama mkwe unalipa, na jina lako linaharibika mpaka kwa wajukuu. Sasa kesi yangu yote ilikuwa kitanda. Ukitoa kitanda hakubaki kitu.

Tulishuka Tawa na mbuzi, tukapata lori la maharagwe linaloenda Kitui, tukavuka Mto Athi, na njia yote baba mdogo hakusema neno. Nilidhani anaomba. Kumbe alikuwa anafikiria.

Walitupokea vizuri. Baba mkwe wangu alikuwa mfupi, mpole, mwenye punda wanne wa kubeba maji, na watu wa mbali walikuja kumwuliza mambo ya punda. Kulikuwa na wazee wengine wawili, na mmoja wao alikuwa na kisu kiunoni na tayari anamkagua mbuzi wetu mbavu. Bibi yangu alikaa kando, uso kama ukuta. Mama mkwe alikaa nyuma ya ghala ametupa mgongo, anapepeta mtama, karibu kabisa. Kila kitu alisikia.

Baba mdogo akakohoa. "Wazee," akasema, "sisi tumekuja kwa sababu ya punda."

Mimi nikamgeukia. Hatukuwa na punda. Mlima wetu punda mwenyewe anaukataa.

"Huyu kijana wenu," akaendelea bila kuniangalia, "ana punda. Na juu ya huyo punda kuna mzigo. Mzigo unateleza. Binti yenu amechoka na kuteleza kwa mzigo."

Niliona macho ya baba mkwe yakienda kwa binti yake, yakarudi. Wote walijua. Bibi yangu alikuwa amewaambia tangu siku ya kwanza, na vifuniko vya soda, na akina mama, na maharagwe. Hakukuwa na mtu hapo, hata mtoto wa kunyonya, ambaye hakujua punda ni nini. Lakini baba mkwe akasogeza kiti chake mbele kama mtu aliyeletewa ugonjwa anaoujua.

"Mzigo unatelezea upande gani?"

"Upande wa mlango, baba," nikasema.

"Punda ana mlango?" akauliza mzee wa kisu.

"Wa Mbooni wanao," baba mdogo akajibu haraka.

"Mzigo ni mgumu ama ni laini?"

"Laini sana. Ukibonyeza unarudi."

"Na mgongo wa punda uko namna gani?"

Nikafikiri. Nthoni inakataza kutaja kitanda. Haikatazi kutaja nailoni. "Ni wa nailoni, baba."

Baba mkwe akatikisa kichwa polepole. "Punda wa nailoni," akasema. "Sisi hapa punda wetu wana manyoya. Ndiyo maana hamjatuona na shida hiyo."

"Huyo punda ana miaka mingapi?" mzee wa tatu akauliza.

"Miezi mitatu."

"Miezi mitatu! Na tumesikia mlimpandisha akina mama watatu?"

"Hawakuambiwa," nikasema. "Walipanda wenyewe."

"Wakiimba," akasema bibi yangu. Ni neno lake la kwanza siku hiyo, na nilitazama kama uso umelegea. Haukuwa umelegea.

Wazee walizungumza juu ya punda huyo mpaka jua likapinda. Mmoja alisema auzwe. Mwingine alisema nchi yenyewe ndiyo imepinda, tuhame. Nikaeleza mawe, nikaeleza misumari, na nilipofika kwenye misumari yule mzee wa kisu akaruka. "Ulimpiga punda misumari?" Baba mkwe akanitazama kwa huzuni ya kweli, ingawa alijua, kwa sababu alipenda punda na neno lilimchoma. Nikaeleza ulimbo. Nikaeleza kuku. Hapo hata wao nthoni iliwashinda, wakaangalia chini na mabega yao yakitikisika.

Ndipo tukasikia sauti nyuma ya ghala. Mama mkwe hawezi kuzungumza na mimi, lakini kuna kuku wake alikuwa anaokota mtama karibu na ungo.

"Wewe kuku," akasema, amekaza sauti, "hawa wanaume wako watakaa hapo mpaka lini? Hawajui kufunga mzigo? Mzigo laini hauwekwi juu ya mgongo wa kuteleza. Katikati unaweka gunia la katani, kukuu, la kukwaruza. Hilo linashika juu na linashika chini. Halafu kamba haifungwi kwenye mzigo, kuku mjinga wewe. Kamba inapita juu ya mzigo, inazunguka chini ya tumbo, inarudi. Mara mbili, mbele na nyuma. Na kama ni nchi ya mlima, unaongeza kamba ya mkia, inashika mzigo upande wa juu usishuke mlima. Sasa ondoka kwa mtama wangu."

Kuku aliondoka. Mimi nilisimama nimetazama upande mwingine, kama sheria inavyotaka, lakini nilikuwa nimeshika kila neno kuliko nilivyowahi kushika shuleni.

Baba mkwe akageuka kwa binti yake. "Umesikia. Punda atafungwa. Sasa, mama, hii mbuzi tuile, ama irudi Mbooni?"

Mzee wa kisu alikuwa ameshasimama.

Bibi yangu aliangalia mbuzi. Aliniangalia mimi. Sijawahi kuangaliwa hivyo, na nimepita mbele ya daktari wa jeshi.

"Ifungwe," akasema.

"Ifungwe ama iliwe?"

"Ifungwe hapa. Niende nijaribu hiyo punda kwanza. Nikiona inakaa, nitatuma neno muile. Nikiona inateleza, nitakuja niwakute wewe na mama na mbuzi."

"Mpaka lini?" mzee wa kisu akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa.

"Mpaka niseme."

Jambo hilo halikuwa kwenye desturi. Lakini pia halikukatazwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kulifikiria. Wakamfunga mbuzi.

Tulirudi. Alifunga yeye mwenyewe, hakuniruhusu kugusa. Alimimina maharagwe yangu sakafuni, akachukua gunia la katani, akalitandaza juu ya nailoni. Akasokota kamba pana za katani, akazipitisha juu ya sponji na chini ya kitanda, kichwani na miguuni, shuka likaja juu yake usizihisi. Ya mkia aliifunga kwenye nguzo ya nyumba upande wa juu. Halafu mchana mweupe akapanda, akajilaza, akajigaragaza kama punda kwenye vumbi. Akashuka akasukuma kwa mguu. Sponji haikwenda popote. Ilikuwa imekufa pale.

"Tutume neno?" nikauliza.

"Ngoja tuone," akasema.

Wiki ikaisha. Mwezi ukaisha. Sponji imekaa. Kila mtu aliyetoka Kitui alikuja na salamu na swali, punda anaendeleaje? Na bibi yangu anajibu, bado tunamwangalia. Tulipata mtoto wa kwanza. Nikasema, sasa? Akasema mtoto si sponji. Nikichelewa Mukuyuni, nikirudi na harufu ya pombe, hagombi. Anakoroga mboga yake, anasema tu, "Mbuzi bado ni mzima." Basi. Mimi naenda kuchota maji bila kutumwa. Watu walinisifu kijijini kwamba nimeokoka, na mchungaji alinitaja. Sikuwa nimeokoka. Nilikuwa na mbuzi Kitui.

Na nitasema ukweli, haikuwa kicheko kwangu. Mtu akikuambia nimerudi, umelala. Mimi sikuwa nimeambiwa. Kila akienda kwao kuona wazazi nilikaa kizingitini nikihesabu siku, na kila mwaka nilisokota kamba mpya kabla za zamani hazijachoka, nikabadilisha gunia likianza kuwa laini, maana katani ikilainika haishiki tena. Kitanda chetu kilifungwa kuliko punda yeyote wa Kitui. Usiku ningeweza kulala. Mchana ndio nilikuwa nateleza.

Miaka ilikuwa tisa. Tulikuwa na watoto wanne, na sponji ya pili, nene. Kukaja ukame, baba mkwe akauza ng'ombe, akauza punda wawili, lakini yule mbuzi hakuguswa, kwa sababu alikuwa mbuzi wa kesi. Alikatiwa majani kama mfalme. Ukame ulipoisha bibi yangu akaniambia, "Twende wote Kitui." Hakusema kwa nini. Nilivaa koti.

Mbuzi alikuwa mzee, ndevu mpaka magotini. Wazee wa siku ile waliitwa, na yule wa kisu alikuja akiongozwa na mkono. Baba mkwe akauliza kwa taratibu ile ile kama alivyouliza mara ya kwanza, hakubadilisha neno, "Mama, hii mbuzi tuile, ama irudi Mbooni?"

Bibi yangu hakuniangalia hata. Alikuwa anamfunga mtoto mgongoni.

"Kuleni," akasema.

Hivyo tu, kama mtu anayefukuza nzi. Miaka tisa nilikuwa nimejiandaa kwa neno hilo, nilidhani nitapiga kelele, nitaruka. Nikashika mti.

Nilimfuata kando. "Kwa nini leo?"

"Huyo mzee amebaki na meno matatu," akasema. "Nikingoja zaidi atamla kwa macho."

"Kwa hiyo ni kwa sababu ya mzee?"

"Wewe ulitaka iwe kwa sababu ya nani?" Lakini alikuwa anacheka, na kilikuwa kile kicheko cha siku ya kwanza juu ya sponji, nilikijua.

Walimchinja, walimchemsha mpaka kuni zikaisha, wakaazima kuni. Na mimi sikuweza kukaa nao, maana mama mkwe alikuwa hapo akigawa nyama, na mkwe hali mbele yake. Nikasimama nyuma ya ghala peke yangu nikisikia wazee wakitafuna mbuzi wangu, wanatafuna, wanapumzika, wanatafuna, na mmoja anasema ni ngumu lakini ni halali yetu. Nikafuta macho kwa koti.

Bibi yangu akaja na kipande cha ini kwenye jani la mgomba, na chumvi kidogo pembeni. Akasimama akinizibia upande wa mama yake kwa mwili wake na wa mtoto.

"Kula haraka," akasema. "Tuna lori la kurudi nyumbani."